Printa ya Tiketi Haina Kosa

Kwenye madirisha ya kukatia tiketi za basi kuna sentensi moja inayomaliza ubishi wote: "Mtandao unasumbua." Ikishatamkwa, abiria hutua mizigo chini na baadhi hutazama juu, labda watauona huo mtandao ukipita. Akitokea mbishi wa kuonyesha kwamba intaneti ya simu yake inakwenda vizuri, mashtaka huhamishiwa kwa printa, nayo hupigwa kofi la ubavuni mbele ya mashahidi. Nadai kwamba wote hao mara nyingi husingiziwa. Intaneti ipo, printa ni nzima, na kilichokatika ni mazungumzo kati ya printa na kompyuta iliyo hatua moja tu kutoka ilipo.

Ushahidi wa kwanza unahitaji dole gumba tu. Printa nyingi za aina hii zina kitufe cha kusukuma karatasi. Izime, kishikilie kitufe hicho, kisha iwashe: itachapa yenyewe karatasi ya majaribio inayoeleza mipangilio yake, bila kuiomba kompyuta ruhusa. Ikichapa vizuri, kesi dhidi yake imefutwa. Ikitoa karatasi nyeupe pee, bado usiihukumu, maana haitumii wino. Huchoma maandishi kwa joto kwenye karatasi maalumu, kwa kawaida yenye upana wa milimita 58 au 80. Ikwaruze karatasi hiyo kwa ukucha pande zote mbili. Upande unaoingia weusi ndio wa kuchapia, na kama haukuelekea kichwa cha printa, basi mwenye kosa ni aliyeweka roli.

Kosa la mazungumzo huanza kwa jambo dogo mno, aghalabu simu yenye chaji asilimia mbili. Karani anachomoa waya wa printa, anachomeka wa simu, na baadaye anaurudisha ule wa kwanza kwenye tundu jingine, kwa kuwa matundu yote yanafanana. Kwake yeye yanafanana. Windows huweza kuichukulia printa hiyo kuwa ngeni, ikaiandikisha upya kwa jina lilelile likiwa na nyongeza ya "Copy 1", na iliyokuwa kwenye bandari ya USB001 sasa iko USB003. Programu ya tiketi haikuarifiwa, kwa hiyo inaendelea kutuma kazi kulekule kwa zamani. Karani anabonyeza "chapa", kimya. Anabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, maana inaaminika kwamba kompyuta huelewa hasira. Kila mbonyezo unapangwa kwenye foleni ya ndani, ambayo ina subira kuliko ile ya nje. Siku waya unaporudi kwenye tundu lake la asili, printa inatii amri zote kwa mpigo: kiti namba 14 cha kwenda Tanga kinatoka mara kumi na moja, kwa basi lililokwisha kuondoka. Hapo karani anapiga kelele kwamba mashine imepata wazimu. Mashine imefanya ilichoambiwa, mara zote ilizoambiwa.

Kuna pia draiva, ambayo kazi yake ni ya mshenga: akipeleka maneno siyo, posa inavunjika na lawama anatupiwa bibi harusi. Printa nyingi za tiketi huelewa amri za ESC/POS, zilizobuniwa na Epson na kuigwa na watengenezaji wengine. Ukiiwekea draiva ya printa ya ofisini, inaweza kumwaga mita za karatasi zenye amri zisizo na maana kwake. Zile zinazotumia waya wa siriali zina sharti jingine: kasi ya pande zote mbili ilingane. Kompyuta ikituma kwa 9600 na printa ikapokea kwa 19200, abiria wa Tanga hupewa tiketi yenye herufi zisizosomeka hata Tanga. Na zile zilizounganishwa kwa ruta huweza kupewa anwani mpya umeme ukikatika na kurudi, huku kompyuta iking'ang'ania ya zamani.

Atasema mtu: mbona kuzima na kuwasha husaidia? Husaidia, kwa sababu mawasiliano huanzishwa upya. Lakini hakurudishi waya kwenye tundu lake wala hakubadili draiva isiyofaa. Na kofi je? Likifanya kazi, ni ushahidi kwamba waya umelegea, na printa itagoma tena gari la pili likipita. Ni kweli printa nazo huharibika: kichwa huchakaa, kisu cha kukatia hukwama. Lakini maradhi hayo hujitokeza hata kwenye karatasi ya majaribio, ndiyo maana lazima ichapwe kwanza. Pingamizi lenye uzito ni kwamba karani hakuajiriwa kuwa fundi. Nakubali, na lawama hiyo naielekeza kwa mwenye basi, anayenunua printa mpya kila ya zamani inapokaa kimya, kisha anashangaa mpya nayo kukaa kimya kwa draiva ileile.

Kwa hiyo, wenye mabasi, wekeni alama ya rangi kwenye tundu la printa, ipeni anwani isiyobadilika kama inatumia ruta, bandikeni kasi yake ukutani, na mnunulieni karani chaja ya simu. Chaja ni rahisi kuliko printa.