Kaulimbiu ya Mwaka

Shemeji yangu wa Wote ametangaza kaulimbiu yake ya mwaka: "Utulivu". Basi magauni rangi ya mchanga, mapazia rangi ya mchanga, hata vikombe. Nilidhani kaitoa Ulaya. Kumbe ndiyo rangi ya mto Thua kila Agosti, na ile hutolewa bure.

Huku Ukambani mwaka una mwenye kuuchagua. Mvua ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo letu: ikinyesha, mwaka ni wa kulipa karo na kushona kitenge kipya, ikikataa, kaulimbiu ni mahindi ya msaada, na mtindo ni ule ule wa mwaka juzi. Na 2020 je? Kiwanda cha nguo cha KICOTEC, kule Kitui, kilijikuta kikishona barakoa. Sijui ni nani aliyekuwa ameliandika hilo kwenye daftari lake la Januari.

Lakini shemeji haambiliki. Mwaka jana ilikuwa "Ujasiri", nyekundu tupu kuanzia kilemba hadi viatu, na fundi wa sokoni bado anamdai. Siku hizi shemeji akimwona fundi kwa mbali hukata kona, kwa utulivu.