Mama Mkwe Aliponiona Nikihutubia

Tangu jana jioni mama mkwe hanitazami usoni, na simlaumu. Nilimkalisha kwenye kochi, hapa Buguruni Malapa, nikamwekea chai, nikatangaza: "Mama, leo utamwona mkweo akihutubia ukumbi wa Mwalimu Nyerere." Majirani wakaingia bila kuitwa.

Programu yenye rekodi za mkutano niliohutubia ikafunguka, ikadai uthibitisho. Ikatuma tarakimu sita kwa meseji, ikaonya kwamba zinakufa baada ya dakika tano. Meseji ikafika dakika ya saba. Tukaomba nyingine, nayo ikafika ikiwa marehemu. Tokeni ya LUKU ina tarakimu 20 na inakusubiri mpaka umalize msiba ndipo uiingize kwenye mita. Hizi sita zina haraka ya kwenda wapi?

Hatimaye nikatokea. Suti, tai, mkono juu, nafungua kinywa niseme "Mheshimiwa mwenyekiti", picha ikaganda. Kinywa wazi, jicho moja limefumba. Kaduara kakaanza kuzunguka. Mama mkwe akasogeza miwani, akainama kwenye simu, akauliza kwa upole: "Baba Neema, hapa mlikuwa mnaongea au mnalishana?"

Kijana mmoja anayetengeneza simu pale Sheli akajitolea kueleza, na nikiri nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Video haiji nzima. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande hutunzwa kwa uzito tofauti: kizito chenye picha safi, cha wastani, na chepesi cha watu wa hali yetu. Simu hupima kasi ya mtandao, ikaagiza inachokimudu. Kasi ikishuka, uso wako unageuka viraka. Akiba ya vipande ikiisha, picha inasimama palepale, wala haikuulizi kama umependeza. Vipande vyenyewe vimewekwa kwenye seva za Ulaya. Maana yake, maneno niliyoyasema mjini, safari ya daladala moja tu kutoka hapa, yalipitia nyaya zilizolazwa chini ya bahari, yakafika kwa Wazungu, na sasa yanarudi Buguruni kwa njia hiyohiyo. Nyaya za aina hiyo, EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu Mei 12, 2024, mtandao ulizorota nchi nzima.

Ajabu tupu. Ila nauli ya safari hiyo nalipa mimi. Saa moja ya video safi inaweza kula GB nzima, na ukirudisha nyuma usikie sentensi iliyokupita, mara nyingi unainunua upya. Kiingilio nililipa. Hotuba niliiandika mwenyewe, usiku, umeme umekatika. Leo nauziwa hiyohiyo kwa bando, tena kwa vipande, na waandaaji wanatutumia ujumbe wa kujisifu kwamba mkutano sasa "umemfikia kila mtu". Kila mtu yupi? Mwenye waya wa intaneti ukutani.

Kikao cha mipango ya mwakani kilinipita kwa sababu programu ilikipanga kwa saa za London. Kwenye rekodi nasikia nimechaguliwa kusimamia chakula.

Sasa waandaaji, nawaomba: pamoja na hizo video zenu, tuwekeeni sauti peke yake, ipakulike mara moja na ibaki kwenye simu. Saa nzima ya mazungumzo yanayosikika vizuri haifiki MB 30.