Sabufa na Jini la Chumba cha Tatu

Mpwa wangu alikuja kwangu kukaa wiki moja. Hii ni ya sita. Alikuja na begi dogo la nguo na sabufa kubwa kama kiti. Kazi yake, kwa maelezo yake, ni kurekodi hadithi za kutisha kwenye simu, tena saa nane za usiku.

Nikamwambia bibi yake alitutisha kwa koroboi na sauti ya puani tu, na hakuna aliyethubutu kwenda chooni mpaka jua lichomoze. Akanionea huruma. "Mjomba, siku hizi watu hawatishwi na maneno. Wanatishwa na masafa."

Nikapewa somo. Sikio la binadamu linaanzia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Chini ya hapo husikii kitu, ila mwili unaweza kuhisi. Akanitajia mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, aliyekuwa akifanya kazi usiku kwenye maabara, jasho jembamba likimtoka, akaona kivuli cha kijivu pembeni ya jicho. Akigeuka, hakipo. Kesho yake upanga wake wa michezo, aliokuwa ameubana kwenye jiriwa, ukaanza kutetemeka wenyewe. Kumbe ni feni mpya ya kutolea hewa, mitetemo kama 19 kwa sekunde! Feni ikarekebishwa, mzuka ukahama. Mwaka 1998 akayaandika yote hayo.

"Na hiyo sabufa yako inashuka mpaka huko?"

Haishuki. Ndiyo maana ameisukuma kwenye kona, maana konani mvumo mzito huongezeka, akaifungulia mpaka mwisho. Glasi zangu kabatini zikagongana kama meno ya mwenye malaria. Kinachoniuma zaidi, spika ya simu haiwezi kabisa kutoa mvumo huo. Wasikilizaji wake wanapata sauti yake yenye mafua, basi. Masafa tunayapata sisi tunaolipa kodi.

Upande wa pili wa kona hiyo ndipo kilipo kitanda cha Mama Zuhura, mpangaji mwenzetu.

Siku ya nne alinikuta kisimani, macho mekundu. "Baba, hii nyumba ina kitu. Ikifika saa nane kinanikalia kifuani, na bati linanung'unika." Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Lakini alishawaambia wapangaji wote, na ustadhi alishaitwa, na mtu mzima huwezi kusimama mbele ya ndoo kumi ukasema jini ni mtoto wa dada yako.

Nikachangishwa elfu tano. Nikatoa.

Alhamisi kikasomwa kisomo, udi ukafukizwa ukumbi mzima mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujisikia nafuu. Usiku ule nikachomoa waya wa sabufa, nikalala nao chini ya mto. Asubuhi Mama Zuhura akatoka amenawiri, anamsifia ustadhi kwa kila anayepita, na kwangu akaleta sahani ya vitumbua.

Vitumbua vilikuwa vitamu. Mpwa wangu alikula vinne, akajifuta mafuta, akaniuliza kama nimeona waya wake, maana wasikilizaji wanadai sehemu ya pili.