Sifa za Tochi ya Trafiki

Washairi wetu wamesifu minazi, majahazi, masultani na wake wema. Lakini chombo kimoja kidogo, kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kuogopwa na watu elfu, hakijapata hata ubeti mmoja wa taadhima. Nakusudia tochi ya trafiki, ile inayopima mwendo wa magari katika barabara kuu za Tanzania, ambayo madereva huitaja kwa ndimi chungu kana kwamba ni nduli. Kwa kuwa dhuluma hii imedumu mno, na kwa kuwa mimi sina gari la kunitia chuki, nimeona ni wajibu wangu kuziandika sifa zake kwa insafu, bila ya kutia chumvi.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada ya kumsifu aliye bora. Babu yake katika elimu ni Christian Doppler, mwanachuoni wa Austria, ambaye mwaka 1842 alieleza jinsi nuru ya nyota inavyopasa kubadilika machoni petu kwa kadiri nyota inavyotukaribia au kutukimbia. Kanuni hiyo iliyotafutwa mbinguni ndiyo iliyoziwezesha tochi za awali kurusha mawimbi yasiyoonekana, kuyapokea yakirudi kutoka kwenye bati la gari, na kuutangaza mwendo wake. Kwa upande wa ujombani yupo Maurice Gatsonides wa Uholanzi, mshindi wa mashindano ya magari ya Monte Carlo ya mwaka 1953, aliyebuni kipimo cha mwendo kwa nia ya kujifunza kupita kwenye kona kwa kasi zaidi. Ni ukoo gani mwingine unaoweza kujivunia mtafiti wa nyota na bingwa wa mbio, kisha mjukuu wao akaridhika kuishi kichakani karibu na Mikese?

Hapo ndipo unapodhihiri unyenyekevu wake. Sheria imeamuru mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu, na tochi ingaliweza kudai kiti cha mbele, mlangoni pa shule au penye gulio, ambapo watu husongamana na hatari ni nyingi. Lakini kwa staha yake huwaachia wengine fahari hiyo, ikapendelea mwisho wa mteremko, mahali ambapo nyumba zimekwisha, kibao cha kuruhusu mwendo bado hakijaonekana, na gari linajiendesha lenyewe kwa uzito wake.

Na itazame kazini. Trafiki wa kwanza, mavazi meupe, amejibanza kivulini. Tochi inalipiga picha gari, na picha inatumwa kwa WhatsApp hadi kwenye simu ya mwenzake aliye mbele, ambaye anaingia barabarani na kunyoosha mkono.

“Shikamoo mzee wangu. Hapo nyuma ulikuwa na hamsini na saba.”

“Marahaba. Afande, hilo si gari langu.”

Simu inageuzwa bila ya maneno. Kiooni mna namba ya gari, saa, tarehe, tarakimu 57, na tasbihi ya kijani inayoning'inia nyuma ya kioo cha mbele. Mzee anaiangalia ile ya kwenye simu, anaiangalia na yake, kisha anatoa leseni. Ni kadhi gani aliyewahi kumaliza shauri kwa upesi huo, bila ya shahidi kuapa wala mshitakiwa kutahayarika kwa maneno makali? Hukumu ni shilingi 30,000, na namba ya malipo ni hiyo hapo, tayari.

Wenye husuda husema kwamba haki hii ina upogo: kwamba mwenye kirikuu cha nyanya huandikiwa, na shangingi lenye namba za Serikali hupita likiwa limefunga vioo. Hawaitendei haki. Tochi haina takabari wala upendeleo, hulipima shangingi kama inavyolipima kirikuu. Mkono unaosimamisha ndio wenye macho ya kuchagua, na mkono si tochi.

Lakini fadhila yake iliyo kuu ni udugu. Watu wasiojuana kwa jina, kabila wala dini, ambao mjini wangetukaniana nafasi ya kuegesha gari, wakikutana njiani kati ya Chalinze na Gairo huwashiana taa ili kila mmoja amwokoe mwenzake, wala hawangojei shukurani. Aliyewashiwa hupunguza mwendo, hupita mbele ya kichaka kwa adabu, na akishakiacha hulipiza dakika alizopoteza kwa kukanyaga mafuta maradufu. Utii wake, kwa hiyo, ni kamili kwa urefu wote wa macho ya tochi.

Wala haikukosa dhuria. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, chini ya usimamizi wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kifaa ambacho hakihitaji kichaka kwa kuwa husafiri pamoja na abiria, na dereva akipitiliza hulia kwa king'ora chembamba. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku, mwaka 2023, sauti hiyo imekuwa mlinzi wa waliolala. Nao wakiamshwa nayo, wapo wanaomlaani mlinzi na kumwacha dereva.

Mshindani wa tochi ni mmoja tu, nalo ni tuta. Lisilo na nasaba wala elimu, tuta hulala barabarani usiku na mchana, jua na mvua, likampunguzia mwendo mwenye kirikuu na mwenye shangingi kwa kipimo kimoja, na mtoto wa shule akavuka. Nakiri kwamba hayo ni mema. Lakini tangu lianze kazi, tuta halijaiingizia Hazina hata senti moja, halijatoa namba ya malipo, wala halijatajwa katika hesabu ya makusanyo; na chombo kinachookoa watu bure, bila ya stakabadhi, hakiwezi kukaa safu moja na tochi.

Basi naiombea tochi umri mrefu, na katika dua hiyo sithubutu kuwasahau madereva wa mbio, kwa kuwa wao ndio riziki yake. Maana siku ambayo magari yote yatapita Mikese kwa mwendo wa 50, kwa kumcha Mungu na kumhurumia anayevuka, kichaka kitabaki kichaka, simu ya afande itakaa kimya, na mahesabu yataingia pengo lisilozibika. Mola atuepushe na utii wa namna hiyo.