Muulize Shangazi: Barua Hazinifikii Ujerumani

*Shangazi, shikamoo. Nimehamia Leipzig juzijuzi, napanga na mwenzangu. Barua hazifiki, jirani wa chini amenuna, na chupa tupu zimejaa jikoni. Nifanyeje? – Mnyonge wa Ghorofa ya Nne*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuanza na shikamoo. Wapo wanaoniandikia "mambo vipi" kana kwamba tulichunga mbuzi pamoja. Hao wataona majibu yao mwakani.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi ndiye niliyemchekesha karani wa ofisi ya wakazi, tena Jumatatu asubuhi. Nikipika pilau, Wajerumani wa jengo hili hushuka ngazi polepole. Yupo mzee anayepanda na kushuka bila kwenda popote, anasema daktari kamwagiza mazoezi. Daktari gani! Ni iliki yangu.

Haya, barua. Shuka ukatazame sanduku. Limeandikwa jina la mwenzako peke yake, sivyo? Nilijua. Huku anwani ni mtaa na namba ya nyumba, basi. Aghalabu vyumba havina namba, na tarishi hutafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Andika lako, sandukuni na kwenye kengele. Langu nimeliandika pamoja na la baba, la babu, na cheo changu cha mweka hazina wa kikundi cha taarab Tanga, hadi karatasi ikavuka kwenye sanduku la jirani. Tangu hapo tarishi ananiletea katalogi za mbegu za jirani huyo. Nimeshapanda figili.

Na Anmeldung, yaani kujiandikisha ofisi ya wakazi, umefanya? Una siku 14 tangu kuhamia, na uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Baada ya hapo namba yako ya kodi, tarakimu 11, inakuja kwa posta. Mwajiri akiikosa anaweza kukukata kodi kwa daraja la sita, na daraja hilo halina huruma. Itakuja pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya, uwe na televisheni usiwe nayo. Kwa kaya, nimesema: gawaneni na mwenzako, msilipe mara mbili. Mimi niliwaandikia watoza ada kwamba burudani ya nyumba hii ni mimi mwenyewe. Walinijibu kwa adabu kubwa, wakaambatanisha bili.

Jirani wako sihitaji kumwona. Unasaga nazi kwa blenda saa tano usiku, usinibishie. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni kimya. Jumapili ni kimya kutwa, hata chupa za kioo hazitupwi kwenye pipa la mtaani. Usidhani ni ukorofi wa mtu mmoja: Jumapili inalindwa na katiba, kwa kifungu kilichorithiwa kutoka katiba ya 1919. Ndiyo maana maduka hufungwa. Ukiishiwa chumvi, kimbilia kituo kikuu cha treni. Dawa ya jirani ni mkate wa kumimina. Mchele usage mchana. Mpelekee Jumamosi, akikataa, mpelekee mwingine mkubwa zaidi, akizidi kukataa, niite mimi, nikae ngazini niimbe hadi aombe mkate.

Chupa hizo ni pesa, wewe! Kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja ni senti 25, chupa ya kawaida ya bia senti 8 (sikuulizi zimefikaje kwako). Usizikunje, maana mashine ya dukani husoma alama iliyo ubavuni. Ikitoa risiti, ipeleke kwa keshia. Wenzako huisahau mfukoni ikafuliwa na suruali. Ukiona uvivu, ziweke kando ya pipa, wapo wanaozikusanya kwa riziki yao.

*Shangazi, wakwe wa Munich wamenialika chakula saa moja jioni. Nifike saa ngapi? – Mchumba*

Saa moja jioni. Swali gani hili! Ningekueleza na zawadi ya kupeleka, pamoja na jinsi wakwe zangu walivyonililia nilipoaga, ila mhariri anasema nafasi imekwisha. Nafasi ya tangazo la magodoro ameipata, na picha yangu kaichapa ndogo tena.