Jinsi ya Kuwa Fundi Sanifu Mkoani Mara Bila Kumsingizia Sangara

Ukiajiriwa kwenye maabara ya kiwanda cha samaki Musoma, anza kwa kutokiamini sana kitabu ulichotoka nacho chuoni. Kiliandikiwa watu wa usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa huo, kwa hiyo maji ya huku, yawe ya ugali pale Kitaji au ya maabara, huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi. Atatokea bosi wa kukwambia kipimajoto ni kibovu kwa sababu hakifiki 100. Usikitupe. Ponda barafu, changanya na maji safi, kitumbukize, koroga, subiri kitulie. Kikisoma sifuri, kipimajoto ni kizima.

Sasa njoo kwenye otoklevu, lile sufuria la mvuke la kuulia vijidudu. Kitabu kinasema pandisha geji hadi paundi 15, utapata nyuzi 121. Dar es Salaam, sawa. Musoma paundi 15 zinakupa kama 119 tu, maana geji huanza kuhesabu kutoka kwenye hewa iliyopo, na hewa ya huku ni nyepesi. Hapa ni paundi 17. Andika namba hiyo kwa kalamu nene, ibandike ukutani. Usipofanya hivyo, siku moja vijidudu sugu vitaota kwenye sahani ambayo hujaiwekea hata kipande cha samaki, nawe utamsingizia sangara uchafu wa sufuria lako.

Na kumsingizia sangara kuna gharama. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko kwa samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu ya kuvulia, na waliovua kwa nyavu halali wakaumia pamoja na wenye sumu. Hofu ya namna hiyo haijibiwi kwa hotuba. Hujibiwa kwa vipimo, na vipimo ni kazi yako.

Ndiyo maana fomu ya joto la chumba cha baridi haijazwi kantini. Wanaojaza kantini utawajua: kila saa -18, wino ule ule, mpaka saa ambayo umeme ulikatika mji mzima. Chumba cha kweli hakina nidhamu hiyo. Mlango ukifunguliwa joto linapanda, ukifungwa linashuka. Kama hukupima, acha nafasi wazi, andika sababu, tia sahihi. Nafasi tupu yenye maelezo inajitetea. Hiyo -18 ya gizani haina wakili.

Ukipelekwa kwenye dhahabu, upande wa Buhemba kule Butiama, vua pete ya ndoa kabla ya kusaga sampuli, na mweleze mwenzako nyumbani mapema. Mwamba unapimwa kwa gramu chache kwa tani. Chembe ya pete yako inatosha kumpa mtu mgodi ambao haupo.

Bunda ni pamba. Jiwe dogo au msumari ukipita na pamba mbegu hadi kwenye mashine ya kuchambulia, hutoa cheche, na nyuzi za pamba hazihitaji kubembelezwa kuwaka. Wenye viwanda, mpeni fundi sanifu ruhusa ya maandishi ya kuzima mashine papo hapo. Moto hautasubiri meneja apokee simu.