Mlembe na Mayai ya Kanga

Katika nchi ya mibuyu, karibu na Ziwa Eyasi, anaishi ndege aitwaye mlembe. Kazi yake ya asili ni kuonyesha asali: hulia, huruka tawi hadi tawi, na anayemfuata hufika penye nyuki. Wahadzabe humwita kwa mluzi hadi leo. Mrina asali akishachukua yake, ndege hula nta.

Hapo kale wanyama walimfanya mtangazaji wao, kwa kuwa aliona mbali. Siku zile aliyevunja mizinga ni Nyegere, kwa hiyo nta ya Mlembe ilitoka kwa Nyegere.

Msimu mmoja Tumbili akasimama barazani akataka Mlembe afukuzwe. “Mwongo huyu! Analishwa na Nyegere.” Nyegere akaapa kwamba hajadanganywa naye hata siku moja. Waliobaki wakashangilia kila mmoja rafiki yake wa zamani, bila kuuliza lolote.

Shauri likapelekwa kwa Bibi Kobe.

“Wajukuu zangu,” akasema, “Nyegere alinilia wanangu. Moyo wangu haumpendi. Basi nisiende mimi kutazama. Aende Digidigi, asiye na deni naye wala kisasi.”

Hilo naliheshimu kuliko yote aliyoyatenda baadaye, maana wengi wetu tunaohukumu watangazaji hatuanzi kwa kutaja chuki zetu.

Digidigi akafika kila mahali palipowahi kutangazwa. Palipotajwa nyuki, palikuwa na nyuki. Mbuyu mmoja tu aliukuta mtupu, na majirani wakamwambia kwamba Mlembe mwenyewe alirudi kesho yake akatangaza kuwa amekosea.

“Hiyo ni sifa yake, tusimnyime,” akasema Kobe. “Sasa nirudieni matangazo yake neno kwa neno.”

Wakayarudia. “Tumbili ameiba ubuyu wa Pimbi.” “Fisi amebeba windo la Chui.” Lakini Mama Kanga, ambaye kiota chake kilivunjwa mara tatu msimu ule, alitangaziwa hivi: “Mayai ya Kanga yameliwa.” Tena: “Kiota cha Kanga kimeharibika.” Tena: “Mayai hayapo.” Kwa wengine mtenda alitajwa kwanza; hapa mayai yalijiondokea yenyewe. Na kando ya kiota Digidigi alikuta alama za makucha marefu ya Nyegere.

“Mjukuu wangu, uliona?” Kobe akamwuliza Mlembe.

“Niliona, bibi. Lakini sikutamka neno la uongo.”

“Hukutamka. Ndiyo maana tulichelewa kukujua. Habari za asali tutaendelea kuzipokea kwako. Habari za Nyegere tutawauliza na wengine, mpaka tukusikie ukimtaja kama unavyomtaja Tumbili. Na kila utangazapo, anza kwa kusema nta ya siku hiyo umepewa na nani.”

“Akinitaja, nta hapati!” Nyegere akafoka.

Mlembe alikaa kimya kitambo. Kisha akapanda tawi la juu. “Nta niliyokula siku zile nilipewa na Nyegere. Nyegere alikula mayai ya Kanga, mara zote tatu, nami nilikuwa juu yake nikimwona.”

Tumbili akaruka kwa furaha, akipiga makofi. Kobe akamgeukia.

“Na ule ubuyu wa Pimbi, utaurudisha lini?”